Pini Moja Tu

Mahurunga,
10 Oktoba 1971

Kwa mpwa wangu Shaibu Mnali, karakana ya bandari, Mtwara.

Assalaam aleikum. Barua hii ikukute unapumua vizuri, wewe na mkeo Somoe na watoto. Sisi huku tupo. Mikorosho mwaka huu imezaa mpaka matawi yanagusa chini, na ngedere nao hawako nyuma. Mdogo wako Zainabu ni mzima. Mumewe Bakari amechaguliwa katibu wa kijiji, sasa anatembea na kalamu mbili mfukoni ingawa mkono wa kuandikia anao mmoja. Ramadhani inakaribia na sukari hakuna dukani, lakini hayo mnayajua hata huko mjini.

Tangu tumzike mama yako mwezi wa tatu hujaniandikia. Ni miezi saba. Sikuulizi kwa nini. Mama yako alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako, nami pia nina siku ambazo sitaki kusema na mtu.

Sasa nina shida. Trekta letu la kijiji unalijua, lile lililobaki tangu enzi ya Waingereza na karanga zao. Jumatano iliyopita nilikuwa napanda nalo kutoka bondeni na tela limejaa magunia ya korosho. Pale kwenye mlima pini inayoshika tela ikakatika vipande viwili. Tela likarudi nyuma peke yake hadi likaegemea kichuguu. Mtu hakuumia, maana mimi sipakii mtu juu ya magunia. Korosho tumeziokota siku mbili.

Wewe ndiye mkereza vyuma wa ukoo huu. Nichongee pini mpya. Nimekufungia kwenye kitambaa nusu ya ile ya zamani, nusu ya chini yenye tundu, upate unene wake. Urefu wake wote ni shibiri moja na vidole vitatu, kwa shibiri yangu mimi, si yako. Tundu la chini usilisahau. Humo ndimo kinamopita kijichuma cha kuzuia pini isirukeruke ikatoka.

Na jambo la mwisho ulisikie vizuri. Trekta hili halina ufunguo, linawashwa kwa hendeli, na hendeli kila mtu anajua ilipo. Kinacholifunga tela ni pini. Jioni naichomoa, narudi nayo nyumbani, naiweka chini ya mto. Miaka tisa hakuna aliyelitoa tela bila kuja kwangu kupiga hodi. Kwa hiyo chonga moja tu. Usichonge mbili.

Ni mimi mjomba wako,
Mohamedi Chipande


Mtwara,
21 Novemba 1971

Kwa mjomba,

Shikamoo. Idd njema kwako na kwa mkeo, mama mkubwa Somoe wa Chini, na wote wa nyumbani. Sisi hatujambo. Mtoto wangu wa pili alikuwa na surua lakini ameinuka. Bandarini kazi ni nyingi, meli za korosho zimeanza kuingia na winchi zinakatika kila siku kana kwamba zimeambiana.

Barua yako niliipata zamani. Nimechelewa kuijibu.

Ile nusu ya pini imefika. Niliiweka juu ya meza yangu ya kazi nikaitazama siku nyingi kabla ya kuipima. Mjomba, mimi kazi yangu ni vyuma, na chuma kilichokatika kinaonyesha kilikatikaje. Upande mmoja wa pale ilipokatika unang'aa kama sahani mpya. Hiyo ndiyo iliyokatika Jumatano yako. Upande mwingine una kutu nyeusi iliyozama. Hapo palikuwa na ufa wa siku nyingi, na maji yamekuwa yakiingia humo. Kutu ile si ya wiki moja wala mwezi mmoja. Ni kutu iliyopigwa na masika nzima.

Wewe ulikuwa unaichomoa pini hii kila jioni kwa mkono wako na kuiweka chini ya mto wako. Ulikuwa hujauona ufa?

Pini nitachonga. Nipe muda, maana mashine ya kukereza ni ya serikali na msimamizi wetu Bwana Yohana ana macho.

Mpwa wako,
Shaibu


Mahurunga,
5 Desemba 1971

Kwa Shaibu,

Salaamu zako tumezipata, na mama yako mkubwa amefurahi kwamba mtoto ameinuka. Mvua za kwanza zimeshaanguka. Bakari ameitisha mikutano mitatu kuhusu kilimo cha pamoja na mpaka leo hajashika jembe hata la mtu mwingine.

Unaniomba nikupe muda. Trekta limesimama wiki nane. Wanawake wanabeba magunia kichwani kutoka bondeni, na wakipita mbele ya baraza langu wanasema kwa sauti ya juu ili nisikie, "Dereva wetu mzima?" Nawajibu mzima. Bakari anasema wilayani kuna kijana mwenye cheti cha udereva wa matrekta, anaweza kuletwa. Nilijifunza trekta kabla ya huyo kijana kuzaliwa, na nilijifunza kwa Mwingereza aliyekuwa akinipiga spana mgongoni nikikosea gia.

Ya kutu tuyaache. Nimekuomba chuma, sikuomba daktari wa chuma.

Fanya upesi.

Mjomba wako,
Mohamedi Chipande


Mtwara,
16 Januari 1972

Kwa mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, joto tu linatuua. Somoe anakuletea khanga ya mama mkubwa, na mimi nakuletea pini. Vyote vipo mikononi mwa shemeji Bakari, aliyekuja mjini kwenye mkutano wa makatibu. Alilala kwetu siku mbili, akala samaki wetu wote, akatuambia mengi ya kijiji.

Nimeichonga kwenye mhimili wa winchi iliyokufa, chuma kigumu kuliko kile cha zamani. Nimeichoma ikawa nyekundu nikaizamisha kwenye oili. Tundu nimelitoboa, na kijichuma chake kipya nimekitia humo humo. Mimi na wewe tutakufa, pini hii haitakatika.

Nilikuuliza swali hukunijibu. Siku ile ya mama, Zainabu alipokuja mbio kwako kuomba tela, ulimwambia kamati haijatoa kibali. Wakambeba mama kwa kitanda kumpeleka hospitali. Nauliza tena, kwa adabu: ufa ule uliujua, na uliujua tangu lini?

Mpwa wako,
Shaibu


Mahurunga,
2 Februari 1972

Kwa mpwa wangu Shaibu, fundi,

Mungu akupe mikono hiyo miaka mia. Pini imefika. Nimeitumbukiza, imeingia bila kupigwa nyundo na bila kuchezacheza, nikalivuta tela tupu mpaka bondeni na kurudi. Watu walitoka nje kutazama. Mama yako mkubwa alipiga kigelegele, halafu akakumbuka kwamba amenikasirikia kwa jambo jingine, akaingia ndani.

Unajua ninavyofunga mimi. Pini kwanza, kijichuma kwenye tundu, kisha nazungushia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli mara tatu, halafu navuta kwa mikono miwili nikiwa nimeegemeza mguu kwenye tairi. Bakari alisimama kando akicheka, akasema, "Mzee anafunga tela kama anafunga ng'ombe mwizi." Nilimwambia siku atakapolifunga yeye ndipo tutacheka sote.

Zainabu ana mimba, miezi mitano sasa. Anakula udongo wa kichuguu na anamgombeza kila mtu, ishara nzuri.

Idd ya kuchinja ilipita salama. Nilikuombea.

Mjomba wako,
Mohamedi Chipande


Mahurunga,
25 Juni 1972

Kwa Shaibu,

Assalaam aleikum. Zainabu alijifungua mwezi uliopita, mtoto wa kike, na wamemwita Mwanakombo, jina la mama yako. Siku hiyo mimi nilikuwa kijiji cha Mnazi kwenye msiba. Wananiambia uchungu ulimkaza, wakapata lori la bahati njiani likamfikisha kwa mkunga wa zahanati. Mama na mtoto wazima. Nimempakata. Ana paji la uso la dada yangu.

Habari njema zimeishia hapo.

Mpunga ulikuwa umekatwa na kulundikwa bondeni, na viboko walikuwa wanapanda kutoka mtoni kuutafuna. Watu walitaka tela. Mimi nilikuwa nimelala na homa siku ya tatu, sikuweza kusimama. Alhamisi tarehe nane, kabla ya adhuhuri, nilisikia trekta linanguruma. Nikadhani ni homa.

Bakari alikuwa amelitoa. Alipakia magunia, na juu ya magunia akapakia wanawake sita waliochoka kutembea. Pale pale mlimani pini ikatoka. Haikukatika, ilitoka. Tela likarudi nyuma likapinduka. Watano wameumia mikono na miguu. Halima, mke wa Rashidi muadhini, gurudumu lilimkuta kifuani. Tulimzika saa kumi.

Kamati ilikaa kesho yake, na polisi wawili walikuja kutoka mjini. Bakari alisimama akasema, "Mzee alinipa pini yake kwa sababu yeye ni mgonjwa." Wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo, nilimpa, na kijichuma nilisahau kumpa. Nimeandikiwa maelezo, leseni wameichukua, na kiti cha trekta si changu tena. Nikipita kisimani watu hujitwisha ndoo zao wakaondoka. Rashidi anaadhini kama kawaida, ila akifika pale sauti inapopaswa kupanda, haipandi.

Nina swali moja, Shaibu, na ninataka jibu fupi. Ulichonga pini ngapi?

Mohamedi Chipande


Mtwara,
30 Julai 1972

Kwa mjomba,

Shikamoo. Tumepokea habari kwa masikitiko makubwa. Halima namkumbuka, alikuwa akitupa ndizi za kuchoma tulipokuwa tunatoka chuoni. Somoe amelia. Mpeni Rashidi pole zetu zote, na sukari hii aliyoibeba dereva wa lori la chumvi ni kwa ajili ya kisomo cha marehemu.

Homa yako imepona? Kunywa maji mengi. Watoto hawajambo. Huku kuna maneno kwamba karakana itapata mashine mpya, lakini maneno hayo tumeyasikia tangu mwaka juzi.

Pini niliichonga kama ulivyoagiza.

Nawe kuna swali langu hukulijibu.

Mpwa wako,
Shaibu


Mahurunga,
13 Agosti 1972

Kwa Shaibu,

Sukari imefika kwa Rashidi. Alishukuru.

Homa imepona. Mimi nimepungua.

Sikukuuliza uliichongaje. Nilikuuliza ngapi. Andika moja au andika mbili.

Mohamedi Chipande


Mtwara,
3 Oktoba 1972

Kwa mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeiandika barua hii mara nne. Somoe aliiona ya tatu akaniambia kama siipeleki ataipeleka yeye. Ramadhani inaingia wiki ijayo na mimi siwezi kufunga na kitu hiki kooni.

Nilichonga mbili.

Nataka ujue kwa nini, halafu ufanye unalotaka. Siku ile ya mwezi wa tatu niliposikia mama anaumwa tumbo, nilidandia lori kwenda kumpokea. Nilifika Madimba mchana, mvua inanyesha. Nikawaona wamekiweka kitanda chini kando ya barabara. Watu wanne wamesimama. Nikafunua shuka. Zainabu aliniambia, "Mjomba alikataa tela. Alikuwa na pini mkononi, akakataa." Mjomba, wamebeba kitanda tangu asubuhi kwenye tope, na trekta limesimama kwenye uwanja wa kijiji, zima, kwa sababu ya kibali. Nilikuchukia siku ile. Nilikuchukia kwa miezi saba, halafu ukaniandikia unataka pini, moja tu, ili uendelee kuilalia.

Bakari alipokuja Januari akaniambia Zainabu ana mimba, na akaniuliza, "Uchungu ukimshika na mzee akikataa tena?" Nikachonga ya pili kwa ajili ya dada yangu. Nilimwambia aifiche, asiitoe ila kwa mgonjwa. Na mwezi wa tano aliitoa. Hapakuwa na lori la bahati. Zainabu alikwenda kwa mkunga na tela lako, na huyo Mwanakombo unayempakata yupo hai kwa pini ile. Hilo sijutii hata leo.

Lakini sikulitoboa tundu. Niliichonga saa ya chakula, karakana tupu. Nilikuwa naifunga kwenye mashine ya kutoboa nikasikia viatu vya Bwana Yohana vinarudi. Nikaichomoa nikaitia ndani ya shati, bado ya moto. Nikajisemea shemeji ataifunga na waya. Sikumwambia aifunge. Nilisahau kumwambia, au niliona aibu kumpa kitu ambacho hakijakwisha. Najiuliza kila siku ni lipi kati ya hayo mawili.

Halima amekufa kwa tundu ambalo ni kazi ya dakika tatu.

Wewe hukumpa Bakari pini yoyote. Umesema uongo mbele ya polisi, na sijui kwa nini. Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi ya kwanza baada ya Idd nitakuja Mahurunga, nitasimama mbele ya kamati na mbele ya Rashidi, nitasema. Wakinifunga wanifunge.

Sasa nawe nijibu. Nakuomba kwa jina la mama. Ufa uliujua?

Mpwa wako,
Shaibu


Mahurunga,
20 Oktoba 1972

Kwa mpwa wangu Shaibu,

Assalaam aleikum. Tumefunga, tunaendelea. Maji ya kisima yamepungua, mama yako mkubwa anakusalimu, Mwanakombo ameota jino la chini. Bakari ameacha kutembea na kalamu. Amekonda kuliko mimi.

Nilikuwa najua kwamba ulichonga mbili. Siku ile ya Halima niliposikia mayowe nilikwenda na blanketi mabegani, nikishika miti. Watu walikuwa wanainua tela. Mimi nilitazama chini, kwa mazoea ya dereva, na kwenye alama za magurudumu nikaona pini. Nikainama nikaiokota. Ilikuwa kazi ya mkono wako, ile ile, chuma kile kile cheusi cha bandarini. Nikapitisha kidole chini kutafuta tundu, nikakuta hakuna. Yangu ilikuwa kiunoni, nimeifungia kwenye shuka. Nilisimama pale, pini mbili mwilini mwangu, na Halima amefunikwa khanga.

Unauliza kwa nini nilisema uongo. Kesho yake Bakari alipodanganya nilikuwa nazo zote mbili chini ya kanzu. Ningeziweka mezani, wangeuliza ya pili ni ya nani, imechongwa wapi, chuma ni cha nani. Wewe ungefungwa, na Bakari angefungwa, na Zainabu ana mtoto wa wiki tatu. Kwetu mpwa akiharibu, anayeitwa barazani ni mjomba, si baba. Niliitwa, nikaitika. Usinishukuru. Sikufanya kwa kukupenda. Wakati ule nilikuwa nataka kukupiga.

Nilikuuliza mara mbili nikijua jibu. Nilitaka kuona kama utasema. Umechukua miezi mitatu.

Sasa usije. Nimesema usije. Niliwaambia polisi na kamati kwamba ni mimi, na Rashidi amejenga huzuni yake juu ya maneno hayo. Mwanzo wa Ramadhani, baada ya sala ya Ijumaa, alinipa mkono. Ilimgharimu, nilimwona. Ukija kusimama hapa na ukweli wako utampokonya hata hicho kidogo, itabidi aanze upya na mtu mwingine wa kumchukia, na mtu huyo ni baba wa mtoto mchanga. Wewe utarudi Mtwara au jela ukiwa mwepesi. Sisi ndio tutakaobaki na mzigo. Unataka kusema ili ulale. Mimi pia nilitaka kulala.

Na jibu lako hili hapa.

Mwezi wa pili mwaka jana walikuja wageni kutoka wilayani. Nikataka waone trekta la zamani linaweza nini. Kulikuwa na kisiki cha mkwaju uwanjani, watu ishirini wameshindwa. Nikakifunga mnyororo, nikakivuta, kikatoka, wageni wakapiga makofi. Wakati wanapiga makofi mimi nilisikia chuma kinalia nyuma yangu. Jioni nikaichomoa pini nikauona ufa, mwembamba kama unywele. Ningesema, trekta lingesimamishwa, na mtu angeuliza nani aliyevutia kisiki kwa pini ya tela, na kijana mwenye cheti angeletwa. Nikanyamaza. Nikapunguza magunia nikaendelea.

Mwezi mmoja baadaye Zainabu akaja mbio. Nilikuwa na pini mkononi, ni kweli, nilikuwa naitazama. Nikajua tela likimpakia dada yangu, kwenye ule mlima, na tope lile, pini inaweza kukatika. Magunia yakianguka nayaokota. Nikaogopa. Lakini ningeweza kumwambia mtoto yule, "Pini ina ufa." Maneno matatu. Bakari angekimbia kwa mafundi wa barabara akaomba kipande cha nondo, tungekwenda salama njia nzima. Sikusema. Nikasema kibali. Nilikipenda kiti kile kuliko dada yangu, Shaibu, na sikujua mpaka wakamleta nyumbani. Ndiyo, niliujua ufa. Tangu lini, nimekwambia.

Kwa hiyo nami nisingeweza kukuhukumu, ingawa nilijaribu.

Pini yangu kamati imeichukua. Imetundikwa kwenye msumari ofisini, na anayetaka tela anaichukua mwenyewe na kijichuma chake na ukanda wa mpira, nimewaonyesha namna ya kufunga. Jumanne walimpakia mke wa Kasiani aliyeumwa na nyoka. Walipita mbele ya baraza langu saa nane mchana. Hawakusimama kuniuliza, kwa kuwa siku hizi hakuna sababu ya kuniuliza. Mwanamke amepona.

Ndani ya kitambaa hiki nimekufungia pini yako. Usiitoboe. Usiiyeyushe wala usiitupe baharini. Ile nusu ya kwangu yenye kutu naamini bado unayo. Ziweke pamoja.

Mjomba wako,
Mohamedi Chipande